Kamba ya Jahazi, Kabro na Pikipiki: Nani Anaamua Mwendo wa Mtaa Lamu?

Mgeni akishuka gatini Lamu huambiwa kwamba huu ni mji usio na magari, na wengi hurudi kwao wakiisimulia habari hiyo kama walivyoipokea. Ni kweli kwa kiasi chake. Ndani ya Mji wa Kale, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, gari haliingii hata likisukumwa. Lakini Lamu haiishii Mkomani na Langoni, mitaa ya huo mji wa mawe. Panda nyuma ya mji, kuelekea Kashmir, Bajuri, Kandahari au Wiyoni, utakuta mji mwingine uliokua haraka haraka, wa nyumba za matofali ya simiti na njia pana, na huko pikipiki ndiyo yenye amri. Mimi nimelelewa upande wa mawe na sasa napanga upande wa matofali. Tofauti ya pande hizi mbili naiona kila jioni ninapotoka mlangoni kuwaita wanangu waingie ndani kabla hawajagongwa. Bibi yangu alituita kwa sababu ya chakula tu.

Wengi hapa wanaamini kwamba kasi ni tabia. Kijana wa boda ana haraka, hana adabu, hakulelewa. Basi aonywe, apigwe faini, ahubiriwe Ijumaa. Sikatai, wasio na adabu wapo. Ila nimemwona kijana yule yule, na pikipiki ile ile, akipita Mkomani kwa mwendo wa mtu anayetembea, miguu yote miwili ikiburura chini, halafu punde si punde yuko huku juu anakwenda mbio kuku wanaruka. Kati ya hapo na hapo hakupata malezi mapya wala hakuyasahau ya zamani. Alitoka kwenye njia nyembamba akaingia kwenye njia pana, basi.

Ingia kichochoro chochote kinachopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale. Hatua chache tu ukuta unakuzuia usione mbele, kwa sababu njia imepinda. Hapo kwenye kona daka la nyumba ya mtu limetokeza, na barazani wamekaa wazee wawili na miguu yao iko njiani. Ubavuni pana mtaro wa maji machafu, ukikosea unaingia. Mbele kidogo wikio limeunganisha nyumba mbili juu ya kichwa chako, na chini yake pana giza hata saa sita mchana. Kuta za matumbawe zimelainika kimo cha kiuno, pale ambapo kwa miaka na miaka zimesuguliwa na shehena za punda: mchanga, mawe, magunia. Mtu wa kawaida hawezi kwenda mbio hapo, na hakuna kibao hata kimoja kinachomkataza.

Waliojenga hawakuwa wahandisi wa barabara. Walitaka kivuli, walitaka stara, waligawana viwanja vya mirathi, na walihitaji njia ya kupitisha punda aliyebeba. Upole wa njia ulikuja kama ziada.

Uholanzi wao walijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 1971 pekee barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na harakati iliyojiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Delft, mitaa ya makazi ilikuwa imeshaanza kugeuzwa: njia ikapindwa, miti na viti vikawekwa pale gari lilipokuwa likinyooka, ukingo kati ya njia ya gari na ya mguu ukaondolewa, na gari likalazimika kupita kwa mwendo wa miguu. Mtaa wa namna hiyo wanauita woonerf, na mwaka 1976 uliingia kwenye sheria ya nchi. Nilipoziona picha zake mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kona, mti, kibaraza, mtoto katikati ya njia! Alikosekana punda tu.

Wajerumani wakaja na eneo zima la kilomita 30 kwa saa, wakaanzia mji mdogo wa Buxtehude mwaka 1983. Namba hiyo 30 haikuokotwa. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 30 kwenda 50, mwendo haujafika hata maradufu lakini nguvu ya mgongano imekaribia mara tatu. Na kusimama nako kuna hesabu yake. Dereva wa gari aliye macho, kwenye lami kavu, akienda 30 husimama katika takriban mita 13 tangu alipoiona hatari; akienda 50 anahitaji karibu mita 28. Hizo mita 15 za katikati ndizo anamokuwa mtoto aliyefuata mpira. Weka pikipiki yenye tairi lililoisha, weka abiria wawili badala ya mmoja anayeruhusiwa, weka mchanga uliotapakaa juu ya kabro, yaani yale matofali ya simiti yanayolazwa njiani, halafu fanya hesabu upya. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Sheria ya Kenya inaruhusu 50 mijini. Barabara za nchi hii huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na waendao kwa miguu na walio juu ya pikipiki ndio wengi katika hesabu hiyo.

Sasa turudi mtaani kwetu.

Zamani njia yetu ilikuwa mchanga mtupu, na mchanga ulitulinda bila sisi kujua, kwani pikipiki ilikuwa ikiyumba na kuzama na hata mwenye kichaa alishuka gia. Kisha ikaja kabro. Tulishangilia, na sijutii: matope ya masika yalikwisha, mkokoteni wa maji ukawa unasukumwa na mtu mmoja, na jirani yetu mwenye kiti cha magurudumu akaanza kwenda msikitini mwenyewe. Lakini njia ilinyooshwa kuanzia dukani hadi kwenye uwanja wa mpira, laini, bila kona. Haukupita muda tukaanza kusikia milio ya breki, na kila mama mwenye mtoto mdogo akawa na kiti cha mlangoni cha kulindia.

Vijana ndio waliochukua hatua. Walikwenda pwani wakaomba amari kuukuu ya jahazi, kamba nene kama mkono wa mtu mzima, rangi yake ya kijani imeshapauka kwa jua na chumvi. Wakailaza kukingama njia, ncha moja wameifunga kwenye mwarobaini, ya pili kwenye nguzo, na katikati wakaikaza kwa nondo zilizopindwa na kupigiliwa kwenye viungo vya kabro. Siku za mwanzo ilifanya kazi vizuri. Pikipiki zilifika zikanyamaza, zikapanda, zikashuka, zikaondoka. Kisha madereva wakagundua kwamba karibu na ule mti kamba imeinuka kidogo na chini yake pana nafasi ya gurudumu kupenya kwa pembeni, yaani pale pale watoto walipokuwa wakikaa kivulini. Wengine wakajifunza kuinuka kwenye kiti wakairuka bila kupunguza. Abiria wa nyuma, ambaye hakuambiwa, ndiye aliyeumia mgongo. Na mvua zilipoanza, kamba ikaanza kufumuka. Ni nailoni ile. Nyuzi zake zilikwenda mtaroni, na maji ya mtaro wetu yanaishia baharini.

Jioni moja nilimsimamisha kijana aliyenishusha hapo. Nikamwambia, "Mwanangu, kwani mkienda taratibu mnapungukiwa nini?"

"Mama, pikipiki si yangu," akanijibu. "Jioni mwenyewe anataka hesabu yake, niwe nimepata nisipate. Mimi nikichelewa pale gatini, abiria anachukuliwa na mwenzangu. Sisi sote tungekuwa tunakwenda pole, ningekwenda pole na mimi."

Jibu lake limekaa nami kuliko hotuba nyingi za usalama barabarani nilizowahi kuzisikia. Mwenye kwenda pole peke yake anapoteza nauli. Njia ikiwapunguzia wote mwendo, hakuna aliyepunjwa.

Hapo ndipo watu husema basi, wekeni matuta. Mimi na matuta tunajuana. Naenda Malindi kufuata bidhaa za duka, na njia ya basi kutoka Mokowe, ng'ambo yetu ya bara, tangu lami ilipofika, ni somo tosha. Mahali ambapo zamani mashimo yalimzuia dereva, sasa lami inamkaribisha, na vijijini kote tuta limefuata nyuma ya lami. Kwetu Kenya tuta mara nyingi huja baada ya maziko: mtoto anagongwa, watu wanachoma matairi barabarani, wiki inayofuata linamwagwa rundo la kokoto na lami bila kipimo. Halipakwi rangi. Halina taa wala kibao. Usiku dereva mgeni analikuta likiwa limeshafika chini ya gurudumu, na kitu kilichowekwa kuokoa watu kinaua wengine.

Malindi kwenyewe utaona mengine. Tuktuk ina magurudumu matatu, kwa hiyo hata ukiacha upenyo kwenye tuta haimsaidii kitu. Dereva anachofanya ni kulizunguka kwa pembeni, juu ya vumbi ambalo mama na watoto wa shule wanalitumia kama njia ya miguu. Tuta lisilofika ukingoni limemhamisha mwenye hatari kutoka katikati ya barabara na kumleta kwako. Na likifika ukingoni bila mfereji chini yake, masika linakinga maji kama bwawa, na mbu nao wanahamia.

Kumbe umbo la tuta lina elimu yake. Mwaka 1973 mtafiti wa maabara ya serikali ya Uingereza aitwaye Watts alijaribu matuta ya maumbo mbalimbali, akaona kwamba tuta fupi lenye mgongo mkali humwumiza zaidi anayekwenda pole kuliko anayekwenda mbio, kwa sababu kwenye kasi springi humeza mtikisiko. Ndiyo maana matatu hupita matuta yetu kwa kishindo bila kujali, na ambulensi yenye mgonjwa inayapanda kwa kilio. Tuta lililofaa lilikuwa la mviringo, urefu wa mita 3.7 kufuata njia, kimo kisichozidi sentimita 10. Hilo ukilipita taratibu hulisikii, ukilipita mbio linakukumbusha. Tangu hapo vipimo hivyo vimesambaa duniani. Kwetu fundi anapima kwa jicho.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba matuta hayana kazi. Ghana, kwenye makutano ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliweka mistari ya matuta madogo madogo, yale ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita rasta, na ajali zikapungua kwa takriban asilimia 35, vifo kwa takriban asilimia 55. Na huko Tanzania kwenyewe, Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa sana. Hawakwenda na semina peke yake. Waliweka matuta yenye kipimo, vivuko vya zebra, njia za miguu, nguzo za kuzuia pikipiki zisipande njia za miguu, na mahali pengine walihamisha geti la shule kutoka barabara kuu kwenda uchochoro wa nyuma. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi wamepungua kwa asilimia 26. Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Mimi lile la kuhamisha geti ndilo lililonikuna zaidi. Ni akili ya mtu aliyesimama pale asubuhi akatazama watoto wanatokea wapi.

Kuhusu hewa na kelele, wapenda matuta wana swali la kujibu. Chombo hula mafuta zaidi kinapovuta kutoka mwendo wa chini kuliko kinapokwenda mwendo mmoja. Tuta moja lililokaa peke yake katikati ya barabara ndefu maana yake ni breki, gia ya chini, kisha moshi. Na moshi huo unaangukia nani? Tazama kati ya Kilifi na Malindi: kwenye tuta ndipo wanapokaa wauza korosho, madafu na ndizi, kwa sababu hapo ndipo dirisha la gari linapopunguza mwendo. Wanavuta eksozi kutwa nzima. Vumbi la breki na la tairi nalo linabaki hapo hapo. Ukitaka hewa safi, mtaa mzima ndio uwe wa polepole, sawasawa, mwanzo hadi mwisho, ili dereva asiwe na mahali pa kukamua mafuta. Hili hufanywa na kona, wembamba na miti kuliko tuta la pekee. Mwarobaini uliopandwa kwenye kona unafanya kazi mbili: unamfupishia dereva umbali anaouona mbele, na unatia kivuli kwenye kabro ambayo mchana wa Februari huwezi kuikanyaga peku.

Kelele ndiyo inayonichosha zaidi. Kwenye uchochoro wa kuta ndefu sauti haina pa kutokea, na pikipiki moja iliyotobolewa bomba inaamsha nyumba nzima ya mawe kuanzia ghorofa ya chini. Kaunti imewahi kupiga marufuku bodaboda ndani ya Mji wa Kale, na jina la urithi wa dunia lilitajwa sana. Naunga mkono. Wapo wanaouliza kwa nini zisiwekwe nguzo kwenye midomo ya vichochoro, kazi iishe. Nimelifikiria hilo: upenyo unaomtosha punda mwenye mapakacha mawili ya mchanga unaitosha pikipiki na usukani wake. Ukiweka ngazi, umemfungia mwenye mkokoteni na mwenye kiti cha magurudumu. Punda mwenyewe si malaika. Mavi yake yapo, na kupigwa kwake kupo, hata zahanati ya kuwatibu ikafunguliwa hapa mwaka 1987. Kwa hiyo upande wa mawe amri itahitaji watu wa kuisimamia, hakuna njia ya mkato.

Hoja nzito ya upande wa pili ni mgonjwa. Mama ameshikwa na uchungu saa nane usiku huko Wiyoni; utamwambia asubiri punda? Sitamwambia hivyo, nami mwenyewe nimewahi kubebwa na boda usiku. Ila tufanye hesabu badala ya kutishana. Umbali wa kilomita moja na nusu, ukienda 40 kwa saa unatumia dakika mbili na robo. Ukienda 20 unatumia dakika nne na nusu. Tofauti ni dakika mbili na ushei, juu ya njia ambayo mama huyo hatarushwa. Ugomvi wetu haujawahi kuwa juu ya pikipiki kuwapo au kutokuwapo. Mji wa Pontevedra huko Hispania, ambao katikati yake ni mawe ya zamani kama sisi, ulianza mwaka 1999 kuwarudishia waendao kwa miguu mitaa yake chini ya meya ambaye kwa taaluma ni daktari, na bado gari la wagonjwa na la mizigo yanaingia. Yanaingia taratibu, baina ya watu.

Kwa hiyo wakati wa kupanga mwendo wa mtaa ni kabla kabro haijalazwa. Baada ya hapo unabaki na kamba ya jahazi.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kabro ndiyo inakuja sasa. Kokoto zimeshamwagwa, na mchoro tumeuona: mstari mmoja ulionyooka, ukingo hadi ukingo, bila mti wala kivuko. Ofisi inayohusika ilitujibu kwamba mchoro umeshapitishwa. Tukamfuata fundi. Yeye akasema kupinda njia mara mbili, pale penye mwembe na pale penye kisima, hakumwongezei kabro za maana, kwa sababu palipopinda atabakisha udongo wa kupandia; na kivuko mbele ya madrasa akikiinua kwa kabro hizo hizo, kirefu kiasi cha gurudumu kupanda bila kishindo, atahitaji mchanga na simiti zaidi kidogo na siku moja ya kazi. Alichokataa ni kuanza bila karatasi. Barua ya pili imeshaandikwa na majina yanakusanywa, ya madereva wa boda pia, maana steji yao yenyewe iko hapo na watoto wao wanasoma madrasa ile ile. Mzee mwenye nyumba ya kona haisubiri. Ameshaita waashi, na amewaambia wote waliomuuliza kwamba baraza lake litatokeza njiani kama lilivyotokeza la babake Langoni, kibali kije kisije.